Ukuta Unaokunywa Uji

Redempta Mkude alikuwa daktari wa meno siku zote za kazi, na Jumapili, akishatoka kanisani, aligeuka mtu wa kuingia mahali palipoandikwa usiingie. Mumewe alishachoka kumuuliza anatafuta nini huko. Alikwisha kuingia kwenye kiwanda cha magunia kilichofungwa, kwenye jumba la sinema lililoota mti jukwaani, na kwenye hoteli ya ghorofa ambayo haikupata kupokea mgeni hata mmoja. Kila mara alirudi na utando wa buibui kichwani na uso wa mtu aliyelala vizuri.

Aliyemsindikiza ni shemeji yake Dismas, mdogo wa mumewe, mwalimu wa kwaya, mwanamume mnene mwenye sauti nzito. Dismas alidai kwamba anakwenda kumlinda shemeji, lakini nyumbani wote walijua kwamba alipenda tu kuimba mahali ambapo sauti inarudi.

Jumapili hiyo waliingia kwenye handaki la Ngulumi. Treni za zamani, zile za magurudumu, zilipita humo chini ya mlima kwa miaka mingi, hadi zilipokuja treni za kuelea ambazo hupita juu ya nguzo na hazina haja ya kutoboa mlima. Reli zikang'olewa, midomo miwili ya handaki ikajengewa kuta, na mji wa Mgeta Mpya, uliokuwa ukihangaika pa kupanukia, ukapanda mlimani. Mtaa mzima wa Ngulumi, nyumba, shule, zahanati na soko lake la mboga, ulikaa juu ya shimo ambalo wakazi wengi walikuwa wamelisahau.

Walipenya kwa mfereji wa kutolea maji uliokuwa na nondo zilizoliwa na kutu. Dismas alikwama kidogo, akajivuta, na suruali yake ikapasuka pajani. Alilalamika kwa muda, halafu akasimama wima kwenye kokoto, akasafisha koo na kutoa sauti moja ndefu ya besi. Walitega masikio. Sauti ilirudi upesi kuliko walivyotarajia, tena ikiwa imepoa, kama iliyogonga kitu kisicho kigumu.

"Shemeji, mbele pameziba," alisema Dismas.

Redempta alikuwa ameelekeza taa ya kofia yake ukutani na hakuondoa macho. Alikuwa ametegemea masizi, popo, na nyufa za mahali palipotelekezwa. Badala yake ukuta ulikuwa laini, mweupe wa maziwa, umejaa matuta yaliyopanda kutoka chini hadi darini, kama ufizi uliokumbatia magego. Alivua glavu, akagusa. Kulikuwa na joto kidogo. Alitoa kutoka mfukoni kile kisindano chake cha kuchunguzia meno, ambacho alizoea kutembea nacho hata sokoni, akakwaruza. Yalitoka matabaka membamba, moja juu ya jingine, kama ugaga wa meno ya mtu asiyepiga mswaki.

Hapo alitambua anachokiona, na mkono wake ukarudi nyuma wenyewe.

Hii ilikuwa saruji hai. Zamani, wakati handaki linajengwa, mafundi waliisifu sana. Ndani ya mchanganyiko waliweka vijidudu vilivyolala, pamoja na chakula cha kuvitosha miaka kadhaa. Ukuta ukipata ufa, unyevu unaingia, vijidudu vinaamka, vinakula, na kile vinachotoa ni chokaa. Ufa unajiziba wenyewe. Chakula kikiisha, vinalala tena, na pengine visiamke kamwe. Ndivyo ilivyotakiwa kuwa. Lakini huko kusini, katika mji wa Nakitima, maji ya vyoo yalikuwa yakivuja kwenye mitaro ya mvua iliyojengwa kwa saruji hiyohiyo. Vijidudu vikapata karamu isiyokwisha. Vikala, vikajenga, vikaziba mitaro pole pole bila mtu kujua, na siku mvua kubwa ilipokuja, maji hayakuwa na pa kwenda isipokuwa ndani ya nyumba za watu.

Redempta alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wakati huo. Walipelekwa Nakitima kusaidia kutambua maiti kwa meno yao. Hilo hakupenda kulisimulia, na Dismas, aliyelijua, hakuwahi kuliuliza.

Baada ya msiba ule sheria ilitungwa. Anayeona saruji hai iliyoamka popote pale anatakiwa kutoa taarifa mara moja, nao watu wa halmashauri watakuja na dawa ya kuiua. Raia wa kawaida akinyamaza anatozwa faini. Daktari akinyamaza ananyang'anywa leseni.

Redempta alisema watoke. Dismas akakubali, kisha akanusa hewa na kumuuliza shemeji kama naye anasikia harufu ya uyoga.

*

Badala ya kutoka waliifuata harufu. Mbele yao saruji ilikuwa imefanya kitu kama koo, ikabakiza tundu la kupita mtu mmoja akiwa ameinama. Upande wa pili kulikuwa na mwanga wa taa ndogo za buluu, na chini ya taa hizo vitanda vya mifuko ya pumba iliyochanua uyoga mweupe mnene. Mwanamke wa makamo, kanga kiunoni na viatu vya mpira miguuni, alikuwa amesimama na ndoo na brashi ya kupakia chokaa. Alikuwa akiupaka ukuta uji.

Aliwatazama bila wasiwasi mwingi, akaitazama suruali ya Dismas.

"Mmepita mferejini," alisema. "Nyuma ya banda langu la mbuzi kuna mlango."

Aliitwa Ponsiana Kobelo. Nyumba yake ilikuwa juu hapo mlimani, na mlango aliousema ulikuwa wa mafundi wa reli wa zamani, ambao aliukuta siku anachimba shimo la taka. Aliona kwamba chini kuna ubaridi na unyevu, akaanza kulima uyoga wa kuuza hotelini. Aliwakaribisha wakae kwenye taruma moja la reli lililobaki, akawapa uyoga wa kukaanga kutoka kwenye kontena lake la chakula, na akawasimulia habari yake bila kuombwa, kama mtu aliyekaa na jambo kwa miaka bila wa kumweleza.

Mwaka ule mlima wa jirani, Kiloe, ulipoporomoka na nyumba zake, Ponsiana alikuwa humu ndani. Aliusikia mlima ukilia. Dari lilipasuka juu ya vitanda vyake, udongo ukaanza kumiminika, naye akatoka mbio. Aliporudi baada ya mvua kukatika, alikuta ufa wa juu ya vitanda umejifunga, umebaki mstari mweupe kama kovu. Ufa mwingine, hatua chache mbele, ulikuwa bado wazi. Alikaa akafikiri tofauti ni nini. Ikamjia kwamba maji ya mchele na pumba alizokuwa akimwaga zilikwenda upande mmoja tu. Akapika uji mwepesi, akaupaka kwenye ufa wa pili. Baada ya wiki chache nao ukafunga. Tangu hapo aliulisha ukuta kila ulipoonyesha ufa, na matuta yale yote waliyoyaona yalikuwa yameota pale mlima ulipokandamiza zaidi. Hakuna aliyeyapanga. Vijidudu vyenyewe vilijua mzigo uko wapi, kwa kuwa penye mzigo ndipo penye nyufa.

"Kiloe kulikuwa na handaki la mifereji la saruji ya kawaida," alisema. "Sisi hatukuanguka."

Redempta aliuliza kama kuna mwingine anayejua. Hakuna. Aliyejua ni mume wa Ponsiana, naye alishafariki. Basi Redempta akamweleza kuhusu sheria, halafu, jambo lililomshangaza Dismas, akamweleza kuhusu Nakitima. Alieleza kwa ufupi, bila kupamba: ukumbi wa shule, mashuka, na jinsi alivyomtambua mtoto kwa jino la maziwa lililokuwa limezibwa.

Ponsiana alisikiliza hadi mwisho na akampa pole ya kweli. Kisha alisema, "Lakini daktari, ukisema watakuja kuua. Na ukiua kilichobeba nyumba, umebomoa nyumba."

"Na nisiposema, siku moja kitaziba mahali pasipotakiwa. Nimeona kinavyoziba."

Wote wawili walikuwa sahihi, na wote wawili walilijua hilo. Dismas aliendelea kutafuna uyoga.

*

Redempta alitoa hoja iliyomtoka kazini kwake. Jino bovu huling'oi kabla hujajua linashikilia nini, wala huliachi kwa sababu tu halijaanza kuuma. Unachunguza kwanza. Alimwomba Ponsiana amruhusu apime, na akaahidi kwamba hatatoa taarifa kabla kipimo hakijaisha. Alipokuwa akirudi mjini alijua kwamba kwa ahadi hiyo ameshavunja sheria. Alishangaa kwamba alikuwa na njaa nzuri na kwamba usingizi ulimchukua bila taabu.

Kazi yenyewe ilimpa raha. Kwa miezi kadhaa, kila alipopata nafasi, alishuka kupitia mlango wa nyuma ya banda la mbuzi, akiwa na nta ile wanayotumia kuchukulia umbo la meno. Alibandika vipande vidogo vya nta kwenye kingo za saruji, ili aone wapi inasogea na wapi imetulia. Dismas aligonga matuta kwa kijiti na kusikiliza; tuta lililo imara lilitoa sauti ya juu, na lililo na uwazi ndani lilitoa sauti ya chini. Ponsiana alikubali kuacha kulisha tuta moja dogo, lisilobeba mzigo mkubwa, ingawa ilimuuma. Alilipita akiangalia kando, kama mama aliyeambiwa asimpe mtoto chakula kabla ya upasuaji.

Tuta lile halikufa. Lilipoa tu, likaacha kusogea, nalo likabaki gumu vilevile. Redempta alipolitia kijiko kimoja cha uji, siku chache baadaye nta ilikuwa imefunikwa na utando mweupe mpya. Basi jambo moja lilijulikana ambalo Nakitima halikujulikana mapema: kiumbe hiki hakiendi popote kwa hiari yake. Kinakwenda kwenye chakula. Ukishika chakula, umekishika chenyewe.

Wangeishia hapo, wangekuwa na habari njema tupu. Lakini Redempta hakuzoea kufunga mdomo wa mgonjwa kabla ya kuangalia nyuma ya magego ya mwisho. Alimwomba Ponsiana wavisogeze vitanda vya uyoga. Chini yake ulipita mfereji mkuu, ule unaotoa maji yote yanayochujika kutoka mlimani. Miaka yote hiyo pumba na maji ya mchele yalikuwa yakidondokea humo. Saruji ilikuwa imejaza mfereji kutoka pande zote mbili, ikabaki njia isiyozidi upana wa kiganja. Nyuma yake maji yalikuwa yamesimama, meusi, yamejaa ndani ya mlima.

Ponsiana alichuchumaa pale. Hakuwa mjinga, alielewa kabla hajaambiwa. Kwa mkono uleule alioshikilia nyumba za watu, alikuwa akiwaandalia maji.

Aliomba wazibue wenyewe, kimya kimya. Dismas naye alielekea kukubaliana naye. Alisema kwa sauti ya chini kwamba wakizibua mfereji na kuhamisha vitanda, tatizo limekwisha, na leseni ya shemeji iko salama. Redempta alilifikiria hilo kuliko alivyopenda kukiri baadaye. Lingekuwa jambo jepesi. Wangekuwa watu watatu wanaojua, na watu maelfu juu yao wanaolala kwa kutegemea kwamba watatu hao hawataugua, hawatahama, wala hawatasahau.

"Nyumba ni zao, dada," alimwambia Ponsiana. "Siri hii si yako wala yangu."

"Wakijua wataogopa."

"Acha waogope wakiwa wanajua."

Ponsiana aliinuka, akachukua ndoo yake, akaondoka bila kuaga. Baada ya siku hiyo hakuzungumza naye tena kwa muda mrefu.

*

Mwenyekiti wa mtaa wa Ngulumi, Bi Adelina Banzi, alikuwa mwanamke wa vitendo. Redempta alipomweleza, hakupoteza muda kushangaa. Alisema watu hawataamini habari ya kusimuliwa, akaitisha mkutano wa mtaa Jumamosi asubuhi na kuufanyia mlemle handakini. Watu waliingia kwa makundi kupitia bandani kwa Ponsiana, mbuzi wakiwa wamefungwa nje, wazee wakishikwa mkono. Waligusa kuta. Wengine walisali. Dismas aliwaeleza matuta, Redempta akawaonyesha mfereji, na hakuficha chochote, si Nakitima wala miezi aliyonyamaza. Alieleza pia kwamba dawa ya halmashauri ikimwagwa, saruji hufa na baada ya muda huanza kupukutika, na kwamba hakuna aliyewahi kujaribu kuibakiza hai kwa kuipimia chakula. Inawezekana wakawa wa kwanza. Inawezekana wakakosea.

Fundi seremala mmoja aitwaye Ladislaus, ambaye nyumba yake ilikuwa ukingoni kabisa mwa mteremko, alinyoosha mkono.

"Daktari, wewe unakaa bondeni. Ungekuwa unakaa hapa juu, ungelala?"

Redempta alitafuta jibu la kumtuliza, akaliona, akaliacha.

"Ningelala kwa shida," alisema. "Ila saruji ingekuwa imekufa, nisingelala kabisa."

Ladislaus alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa bei ya haki. Mjadala uliendelea hadi jua la mchana. Familia chache zilisema zitahama, na Bi Adelina akasema mtaa utawasaidia kubeba vitu. Waliobaki walinyoosha mikono kwamba saruji ibaki, mfereji uzibuliwe, na kwamba wao wenyewe, kama mtaa, ndio watakaopeleka taarifa halmashauri, wala si daktari peke yake.

Afisa aliyetumwa aliitwa Mloka, mtu mkimya mwenye vidole vilivyobabuka kwa dawa. Alifika na gari la matangi. Alikuwa amekwisha kuiua saruji hai katika miji kadhaa, na alimwambia Bi Adelina kwamba kote huko watu walimkimbilia wakimhimiza amalize upesi. Hajawahi kukuta mtaa uliokaa chini ukimngoja na maswali. Alipita handakini tangu mlango wa banda hadi kwenye mdomo uliojengewa ukuta, akarudi, akatazama nta za Redempta na mfereji uliokuwa umeanza kuchongwa. Alimuuliza Redempta, bila ukali, kama anajua kwamba kwa kuchelewesha taarifa anaweza kuandikiwa shitaka. Redempta alisema anajua. Mloka alisema ataandika alichokiona, na alichokiona ni mtaa uliotoa taarifa.

Masharti yake yalikuwa magumu. Mabomba yote ya vyoo ya Ngulumi yakaguliwe. Kulisha kuwe kwa zamu, hadharani, na kwenye nyufa tu. Vitanda vya uyoga vitoke vyote, visirudi. Matangi ya dawa yangebaki yameegeshwa hapo nje hadi masika yapite. Kama mfereji ungeziba tena, au ukuta ungesogea pasipolishwa, angefungua koki siku hiyohiyo.

Ponsiana alihamisha vitanda vyake bila neno. Kwenye kibanda alichojenga juu uyoga uliota mdogo na mkavu, na wateja wake wa hotelini walilalamika. Watu walikuja kumshukuru kwa miaka aliyoushika mlima, naye aliwapokea vizuri, akawapa maji ya kunywa. Redempta alipopita kwa zamu yake, Ponsiana alikuwa na mbuzi wa kushughulikia.

Masika yakaja kwa nguvu. Ilinyesha hadi barabara ya bondeni ikafungwa, na vilima vya mbali vikaonyesha makovu mekundu. Ngulumi watu walilala kwa shida, kama walivyoambiwa. Asubuhi ya kwanza yenye jua Mloka alishuka handakini, na Redempta, Dismas na Bi Adelina wakamfuata. Mfereji ulikuwa ukinguruma, maji yakipita wazi na safi hadi ungeweza kuhesabu kokoto chini yake. Darini, juu ya pale palipokuwa na vitanda, kulikuwa na ufa mpya mwembamba, na katikati yake nyuzi nyeupe zilikuwa zimeshavuka kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Mloka alisimama chini yake akiutazama. Kisha alimpigia simu dereva wake, akamwambia ayarudishe matangi mjini.

Dismas akataka kuimba, Bi Adelina akamwambia asubiri kwanza watu washuke. Redempta aligeuka na kumkuta Ponsiana nyuma yake, na viatu vyake vya mpira, ameshika ndoo iliyotoka mvuke. Alionja uji kwa ncha ya kidole, akakunja uso, akasema waliopika zamu ya jana walikuwa wabahili wa unga. Halafu akamkabidhi Redempta brashi.

"Ufa ule anza wewe, mkono wako mwepesi," alisema. "Usimwage. Paka polepole, uachie unywe."